Chupa ya Redioni

Mume wangu alipiga gitaa tangu ujana wake. Mwaka wa tisini na moja, wenzake wa okestra walikuwa wamebaki watatu, wote wana wajukuu, wakaalikwa kupiga Jumapili mchana kwenye baa moja ya mtaa wa Kimisagara. Wiki nzima hakulala vizuri. Aliniambia, "Wakinizomea, gitaa sishiki tena." Mimi baa siingii, lakini siku hiyo niliingia. Nikakaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Wa tatu ulikuwa ule uliopigwa redioni miaka yote. Watu wakasimama wote, halafu wakaanza kelele.

"Hawa sio wenyewe."

"Mzee, mbona chupa imenyooka hivyo? Mnatuigizia?"

Chupa ni ile tupu ya bia, inagongwa kwa msumari kushika mwendo. Mpigaji wao mpya aliigonga sawasawa kabisa, na kosa lake lilikuwa hilohilo. Siku ya kurekodi wimbo ule, mpigaji wa zamani aliugua malaria. Mimi nilikuwa nimewapelekea chakula, wakanishikisha msumari. Sikujua kupiga, kila mara nilichelewa kidogo. Redio ikatangaza hivyohivyo nchi nzima, watu wakauzoea wimbo hivyohivyo.

Mume wangu akaacha kupiga. Akanitazama kule mlangoni.

"Mukecuru," akaniita, yaani bibi kizee, "njoo."

"Na kitambaa cha kanisani kichwani?"

"Njoo nacho."

Nilikwenda. Moyo ulinipiga kuliko siku ya harusi yangu. Nikashika msumari, nikachelewa palepale pa zamani, bila hata kujaribu. Baa nzima ikaimba, viti vikaanguka. Vidole vya mume wangu, ambavyo asubuhi vilishindwa kufunga vifungo vya shati, vilikimbia kwenye nyuzi. Nikajikuta nacheka mbele za watu, mimi nisiyecheka ovyo.

Wimbo ulipokwisha, mzee mmoja mwenye kofia, aliyezomea kuliko wote, akaja kunipa mkono.

"Umejitahidi, mama. Karibu umfikie. Ila yule wa redioni alikuwa mwanamume, mkono wake mzito."

"Unamjua?"

"Namjua vizuri. Tulikuwa tunakunywa naye."

Mume wangu alicheka mpaka akaweka gitaa chini. Mimi nikamtuma yule mzee akaniletee soda, haraka, maana watu walikuwa wanautaka wimbo tena.