Nilijitangaza muflisi Nakuru bila wakili, na kuna swali moja sikuulizwa

Wakuu, sogeeni kidogo mnisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha sijazitoa.

Nilikuwa nanunua viazi Kuresoi nikiviuza Nakuru mjini. Nikachukua loan ya sacco, nikanunua lori. Misimu miwili mfululizo mzigo ukaozea njiani kwa matope, kisha engine ikafa. Nikaanza kukopa huku nilipe kule, mpaka nikakosa pa kukopa.

Kwa wasiojua, hapa Kenya unaweza kuomba mahakama ikutangaze muflisi. Unaorodhesha mali yako na wote wanaokudai. Sheria haikulazimishi kuwa na wakili.

Hapo ndipo niliposhikilia.

Wakili nilimwendea, sitaki kudanganya. Nikakaa pale reception nikiwaza: kama nina pesa ya wakili, si ningemlipa basi mkulima mmoja viazi vyake? Secretary akaniambia, mzee, ingia. Nikasema nimesahau karatasi kwa gari.

Gari lilikuwa limeshauzwa.

Nikaenda cyber, tukajaza fomu na dada wa pale. Tulipokwama tuliandika tulivyoelewa. Na zilipita. Amri ikatolewa, simu za wadai zikanyamaza. Wiki mbili nililala vizuri.

Halafu Ouma akaja kwangu, mtaa wa Section 58, Jumapili baada ya kanisa.

Ouma ni rafiki yangu tangu shule, anafanya kazi kiwandani. Yeye ndiye alikuwa guarantor wangu, yaani mdhamini, kwa ile loan ya sacco. Mimi nilikuwa nimeandika wanaonidai, na Ouma hakuwa ananidai chochote, kwa hivyo hata sikumfikiria.

Hakutaka kukaa. Alisema sacco imechukua akiba yake yote, na deni lililobaki litakatwa kwa payslip. Akiba hiyo ilikuwa ya kumpeleka binti yake college.

Nikaanza kumweleza sheria. Akaniacha nimalize.

"Boss, mimi sijakuja kwa mambo ya sheria," akasema. "Ungeniambia tu. Ningemwambia mtoto mapema."

Binti yake bado yuko nyumbani.

Baadaye nilirudi kwa yule wakili, nimechelewa. Akasema swali lake la kwanza huwa ni hili: nani alikudhamini? Kufilisika kunakulinda wewe, hakumlindi guarantor. Tungeweza kwanza kuwaomba wadai nilipe kidogo kidogo, na huenda Ouma asingeguswa.

Huenda. Hilo neno halinitoki.

Sasa nieleweke. Sisemi kila mtu lazima awe na wakili. Kama deni ni lako peke yako na huna mali ya kugombaniwa, fomu unaweza kuzijaza mwenyewe, polepole, na utafika. Wala usijione mtu bure, kuanguka kwa biashara si dhambi. Lakini kama kuna mtu aliweka sahihi kwa ajili yako, tafuta pesa ya consultation hata moja na wakili. Ile niliyookoa mimi, mwingine ndiye aliyeilipa.

Ouma tunasalimiana bado. Siku hizi anakaa upande ule mwingine wa kanisa.

Mwenye amewahi kuwa guarantor na yakamfika, andika hapa chini, hata kama ni kunikemea. Nitasoma zote.

Na kabla hujapeleka karatasi yoyote mahakamani, andika majina ya wote waliokudhamini, kisha mpigie kila mmoja simu.