Mzima Sana, Ahsante

Kila ninaposikia harufu ya mafuta ya mkaratusi, namwona mama kitandani, kifua kikimbana, akirudia Kiingereza nilichotoka nacho shuleni.

"Daktari Mzungu akiniuliza hali, nijibuje, mwanangu?"

"Sema: mzima sana, ahsante."

Kwetu Mji wa Kale mgonjwa hujibu "njema" kwanza. Ugonjwa huueleza akiulizwa tena.

Asubuhi, hospitalini, mama alilijibu lile swali kwa Kiingereza, bila kukosea neno. Tukangoja aulizwe tena. Daktari alitabasamu, akamwita mgonjwa mwingine.

Njiani mama alikohoa damu kwenye leso, akaikunja upesi.

"Nilisema sawasawa?"

"Sawasawa, mama. Kama Mzungu mwenyewe."

Akacheka. Hatukurudi tena kwa daktari; mama hakubakiwa na siku za kurudi.