Mstari wa Makumbi

Mavyaa wangu, mama yake mume wangu, alikuwa na neno moja tu kuhusu mbwa, nalo ni najisi. Nilipoolewa Kirongwe, nikitoka kwetu Kanga, nilikuta nyumba ambayo hata kuku waliingia uani kwa adabu. Mitungi ya maji ilipangwa chini ya upenu wa jiko, mahali palipofagiliwa na kunyunyizwa maji kila asubuhi, na hapo ndipo yeye alipotilia udhu. Ukipita karibu na ile mitungi huku mikono yako ina magamba ya samaki, utasikia habari za baba yako na za babu yako. Kwa hiyo siku mume wangu aliporudi safari na mtoto wa mbwa ndani ya pakacha, mimi nilijibanza mlangoni nikasubiri kuona nyumba itasimama au itaanguka.

Boma la Wadachi, hao Wajerumani, wakati ule lilikuwa bado Chole, na mume wangu alikwenda huko kuuza mbata, yaani nazi zetu zilizokwisha kukaushwa. Askari mmoja wa bomani alikuwa na mbwa jike aliyezaa watoto wengi kuliko alivyoweza kuwalisha, akampa mume wangu mmoja. Sisi shida yetu ilikuwa nguruwe mwitu. Mwaka uliotangulia walitufukulia mihogo usiku baada ya usiku mpaka tukabaki kula madafu na kumsifu Mungu. Mume wangu alichoka kukesha akipiga debe.

"Shikamoo, mama," alisema, huku pakacha limefichwa nyuma ya mgongo, kama kwamba lisingelia.

"Marahaba. Kinacholia hapo ni nini?"

"Mlinzi wa shamba, mama."

"Mlinzi wa shamba akae shamba."

Lakini kile kitoto kilikuwa kidogo mno, kingekaa shamba usiku mmoja tu. Mume wangu akabembeleza, mimi nikabembeleza, na hata mwalimu wa chuo cha Kurani alipopita akasema kwamba mbwa wa kulinda shamba hana ubaya, mradi asitie mdomo kwenye vyombo. Mavyaa alikwenda kwenye lundo la makumbi, yale maganda ya nazi, akayabeba kwa ungo, akayapanga mstari kutoka kwenye ua mpaka kwenye pembe ya nyumba. Upande wa ndani zikabaki nyumba, jiko na mitungi. Upande wa nje ukabaki uwanja wa kuanikia mbata, na mkorosho mmoja karibu na njia.

"Atakaa nje ya haya makumbi," alisema. "Siku atakayovuka, siku hiyo hiyo anaondoka hapa. Atarudi kwa Wadachi wake au atakwenda baharini, shauri yake. Wallahi nimeapa."

Sote tulijua kwamba yule mama hakuwa akiapa kwa mchezo. Tangu siku ile uhai wa mbwa ukawa umetundikwa kwenye mstari wa maganda ambayo kuku angeweza kuyaparura.

Kumfunza ilikuwa kazi ya mume wangu. Akamfunza siku chache, yaani alicheza naye, akamkuna tumbo, akamwacha amtafune kidole, halafu akaenda kuoga huku anacheka. Mavyaa aliyaona hayo akiwa juu ya mkeka wake na damu ikamchemka. "Huyu mwanangu anamfunza mbwa au mbwa anamfunza yeye?" Siku ya pili yake akachukua kuti refu, akavuta kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, mpaka ukingoni mwa makumbi, akakaa.

Hakumgusa hata mara moja. Mbwa akikaribia mstari, alipiga mchanga kwa lile kuti, pwaa, mbele ya pua yake, akasema, "Wewe! Rudi!" Akirudi, alirushiwa kichwa cha samaki kutoka mbali. Jina hakumpa, kwa sababu ukishampa mnyama jina, alisema, umeshamkaribisha. Akabaki kumwita "Wewe", na mbwa akalipokea akaitika. Kisha akamfunza kukaa alipoambiwa "Kaa", na kutoinuka mpaka asikie "Basi, nenda". Watoto wa jirani walipogundua maneno hayo wakawa wanapita njiani wakipiga kelele "Basi, nenda!" ili wamwone anavyotimua mbio. Mavyaa akaona anachezewa. Akawaita wale watoto mwenyewe, akawasimamisha njiani wapige kelele mpaka wachoke, na kila mbwa alipoinuka kwa sauti zao akapigiwa mchanga. Mwisho wake mbwa yule hakusikia amri ya mtu yeyote duniani ila ya yule bibi ambaye hakumtaka.

Sisi tulicheka, lakini chinichini.

Mbwa alipokua, mume wangu alikuwa akimchukua shamba jioni na kurudi naye alfajiri, na nguruwe wakahamia kwa watu wengine. Mihogo ikasimama. Mchana alilinda mbata uwanjani, maana kunguru na mbuzi wa jirani walikuwa wanaiona ni sadaka. Na hapo nikaanza kuona mambo ya mavyaa ambayo mwenyewe angeyakana mbele ya kadhi. Musimu wa kaskazi, jua linapokuwa kali mpaka mchanga unanukia moto, alivua viatu vyake vya mti akakanyaga uwanja kwa unyayo mtupu kabla ya kumruhusu mbwa apite. "Mchanga huu unaunguza. Asubiri kivuli kifike." Kifuu cha maji ya mbwa hakikukauka. Alikijaza kwa kata yenye mpini mrefu, akimimina kutoka juu ili asiguse, na nilipomwangalia alisema, "Mbwa mwenye kiu hubweka, nami nataka kuswali kwa utulivu." Kila siku kabla jua halijafika utosini alitoka akasema, "Basi, nenda," na mbwa akaenda kujinyoosha chini ya mkorosho mpaka alasiri.

Siku ninayoikumbuka ilianza kama nyingine. Mume wangu alikuwa amekwenda kuangua nazi upande wa pili wa mji. Mavyaa alimwambia mbwa "Kaa" katikati ya mbata, nami nikachukua mtungi nikaenda kisimani. Kisima chetu cha karibu kilikuwa kimeanza kutoa matope, ikabidi niende cha mbali, na huko foleni ya wanawake na maneno yao haikuisha upesi. Huku nyuma, mavyaa akaja kuitwa mbio: binti wa jirani ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Alikuwa ndiye mkunga wa sehemu zetu. Akajitupia kanga akaondoka na kimkoba chake cha dawa. Nani angekumbuka mbwa wakati huo?

Niliporudi, kivuli changu kilikuwa chini ya miguu yangu. Niliona kwanza kunguru juu ya mbata, wanakula kwa raha zao, nikashangaa. Halafu nikamwona yeye. Alikuwa palepale alipoambiwa, juani, kifuu kimepinduka, ulimi nje umekuwa mwekundu mno, mate mazito yananing'inia, na mbavu zinakwenda mbio kiasi cha kutia hofu. Mkorosho ulikuwa hatua chache tu kutoka pale.

"Basi, nenda!" nikamwambia. Mkia ukagonga mchanga mara moja. Hakuinuka. "Nenda, mjinga wewe, nenda!" Akanitazama tu. Nilijaribu hata kuigiza sauti ya mavyaa, na naona haya mpaka leo nikikumbuka ile sauti, lakini hakudanganyika. Kisha macho yakaanza kuzunguka, akalala ubavu.

Niliogopa kweli. Nilimpenda yule mbwa, siyo kwa ajili ya mihogo tu. Nikatua mtungi, nikamshika miguu, nikamburuta hadi kwenye mkorosho, lakini kumbe ule mkorosho kivuli chake saa ile kilikuwa cha matobo, na mchanga wa chini yake ulikuwa bado moto. Mahali pa baridi katika nyumba ile palikuwa pamoja tu, na kila aliyeishi mle alipajua. Ardhi ya kwenye mitungi ilikuwa haikauki mwaka mzima.

Sikukaa kufikiri. Nilimkumbatia mbwa mzima mzima, mate yake yakanilowesha kanga yote, nikaruka makumbi naye, nikamlaza chini ya upenu. Nikammwagia maji tumboni, kwenye makwapa na nyayo, kidogo kidogo, nikampepea kwa kipepeo cha jikoni. Nilimdondoshea maji ulimini. Mwanzo yalitoka tu. Nilikuwa nikilia na kumtukana papo hapo. "Unakufa kwa sababu ya utii? Nani alikwambia uwe na akili namna hii?" Baada ya muda ambao ulikuwa mrefu sana kwangu, koo likacheza. Akameza. Pumzi zikaanza kupungua kasi, naye akafumbua macho akanilamba mkono. Nikashusha pumzi kama niliyetua mzigo wa kuni. Ndipo nikakumbuka nilipo.

Na ndipo niliposikia sauti ya mavyaa njiani. Alikuwa anamwambia mtu, kwa furaha, "Alhamdulillahi, mzima! Wa kike, na mama yake mzima!"

Mbwa naye aliisikia. Aliinua kichwa, akatazama mitungi, akatazama makumbi, na naapa aliyajua makosa yake. Akainuka. Miguu ilimtetemeka, akaanguka, akaanza kujikokota kwa tumbo kuelekea mstari, arudi juani. Nilimshika, akanichopoka. Alipofika kwenye makumbi, mavyaa alikuwa amesimama upande wa pili, kimkoba mkononi, furaha imemtoka usoni.

Aliona kila kitu kwa mara moja. Kata yake chini, maji yamemwagika, kanga yangu imelowa mate, alama za kuburuta kwenye mchanga.

"Mama," nilisema, na maneno yalikuwa yakigongana mdomoni, "hakuvuka. Mimi nilimvusha. Alikuwa juani tangu ulipoondoka, nilimwambia nenda, hakwenda. Hakuvuka mwenyewe, mama, kiapo chako hakimhusu."

Yeye alikuwa akiutazama uwanja, mahali palipobaki shimo dogo la umbo la mbwa kati ya mbata zilizoliwa na kunguru.

"Nilimwambia akae," alisema polepole. "Akakaa."

Mbwa alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya kumbi, anajaribu kutoka. Mavyaa aliangusha mkoba. "Wewe! Kaa!" alipiga kelele, sauti ikakatika katikati. "Kaa hapo hapo, kaa!" Mbwa akalala. Na yule bibi, aliyekuwa akiogopa hata upepo uliopita juu ya mbwa, alipiga magoti, akaokota kata, akachota kwenye mtungi wa udhu, akammwagia kichwani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa shingoni mwa mbwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

Alipohakikisha anapumua vizuri, alisimama, akaanza kuokota makumbi. Nilifikiri amekasirika anayatupa. Kumbe alikuwa anayapanga upya. Mstari ukapita sasa nyuma ya upenu, kwenye mlango wa jiko, na ile sehemu ya ardhi mbichi yote ikabaki nje. Akapanga la mwisho, akajipangusa mikono.

"Haya, niambie," aliniuliza. "Mbwa yuko wapi? Ndani au nje?"

"Nje, mama."

"Basi amevuka wapi?"

Jioni mume wangu alirudi akatukuta mimi na mama yake tunasugua mitungi, mara saba, mojawapo kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa kilichoguswa na mbwa, halafu tunaihamishia upande wa pili wa nyumba ambako kuna joto na maji hayapoi vizuri. Aliuliza kulikoni. Mama yake akamwambia pale pamechoka.

Kazi ikawa kwa mbwa. Alipopona alirudi kwenye mpaka wake wa zamani, ambao sasa haukuwa na hata kumbi moja, na hakukubali kuuvuka. Alikaa juani anatazama kile kivuli. Mavyaa akatoa tena kibao cha mbuzi, safari hii bila kuti. Alikaa chini ya upenu na bakuli la vichwa vya samaki, akimwita kwa sauti ambayo mume wangu alisema hajaisikia tangu alipokuwa ananyonya. "Wewe. Njoo, baba. Njoo, hapana mtu atakayekupiga." Mbwa alisogeza pua, akaondoa. Akasogeza mguu, akaondoa. Wale watoto wa jirani walikuja kuangalia bure.

Sikuona siku aliyokubali. Nilikuwa ndani ninasuka ukili wa mkeka, nikatoka adhuhuri moja kuona kumezidi kimya. Mavyaa alikuwa amelala kwenye mkeka wake ndani ya mstari, kichwa kwenye kiganja, na upande wa pili wa makumbi mbwa alikuwa amelala kwenye ardhi mbichi, ambayo bado ilinyunyizwa maji kila asubuhi, miguu yote minne imenyooshwa. Nilisimama mlangoni nikiwatazama, nikajikuta ninatabasamu peke yangu.

Mavyaa alifumbua jicho moja.

"Sogea, mwanangu," alisema. "Unamzibia upepo."