Kitumbua cha Bwana Taratibu

Juzi asubuhi nilikuwa uani kwangu hapa Ngamiani, nimeteleka chuma cha vitumbua, mjukuu wangu akaja na simu ya mama yake akaiegemeza kwenye kopo la sukari. Akaniambia, "Bibi, tazama, timu yetu inacheza." Nikadhani ni mpira, maana nyumba hii mpira hauishi. Nilipovaa miwani nikaona msichana ameshika gongo bapa, nyuma yake vijiti vitatu vimesimama, na kifuani ana rangi za bendera yetu. Ilikuwa kriketi. Mkono wangu wenye upawa ukabaki hewani, na vitumbua viwili vya pembeni vikaungua.

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kushtushwa na mambo ya michezo. Lakini maneno yale, timu yetu, kutajwa pamoja na kriketi, nilikuwa nikiyangojea tangu utoto, na miaka yote hiyo nimewaonea wivu watu waliokuwa nayo. Wivu ule nimezeeka nao. Vuta kiti nikusimulie, vitumbua vipo.

Nililelewa na bibi mzaa baba, mtu wa Tongoni aliyehamia mjini baada ya kufiwa na mumewe. Mama aliolewa tena huko Mwera, akaniacha kwa Bibi. Baba sikumjua. Alichukuliwa jeshini wakati mimi ningali tumboni, akapelekwa vita vya Bama, nchi inayopakana na Bara Hindi, na vita vilipokwisha wenziwe wakarudi, yeye hakurudi. Askari mmoja aliyekuwa naye alikuja kumwambia Bibi kwamba alimwacha hospitali, huko Bara Hindi, mguu unauma lakini anacheka. Habari yake ikaishia hapo. Watu walimshauri Bibi akae matanga, akakataa. Alisema hawezi kukaa matanga ya mtu aliyeachwa anacheka.

Bibi alikuwa akiuza vitumbua kwenye baraza ya duka la Mhindi, mkabala na nyumba yetu. Mchele ulilowekwa tangu jioni, alfajiri yeye anatwanga, mimi nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi mpaka vidole vinachubuka. Halafu kuchekecha unga, kusaga iliki, kukusanya vifuu vya kuwashia moto. Kwa taabu zote hizo malipo yangu yalikuwa kitumbua cha kwanza. Unakijua kitumbua cha kwanza: chuma hakijashika moto sawasawa, kwa hiyo kinatoka upande mmoja kimevimba na upande mmoja kimelala. Hakiuziki. Kilikuwa changu, nacho nilikila cha moto, nakihamisha huku na huku mdomoni, na hapakuwa na mtu wa kunigombea.

Mwenye duka alikuwa mtu wa miwani minene na maneno machache. Binti yake alikuwa shoga yangu. Mkunga mmoja ndiye aliyewazalisha mama zetu, tulicheza kombolela uchochoro mmoja, na Kiswahili chake kilikuwa cha Ngamiani hasa. Nilimpenda, na nilimwonea wivu. Kila asubuhi baba yake alikuwa akitoka dukani, anainama, anamfunga utepe wa nywele, vidole vinene vile vinahangaika na fundo dogo. Mimi nilikuwa nikigeuka nikajifanya napuliza moto.

Kisha ikaletwa redio. Ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo, ikawekwa rafuni kati ya maboksi ya majani ya chai, na waya wake ukavutwa mpaka kwenye mnazi wa uani. Timu ya India ilipocheza kwao, mchezo ulisikika kwetu tangu asubuhi, kwa sababu kwao jua linatangulia kuchomoza. Duka lilibaki wazi lakini huuziwi kitu. Ukitaka kibiriti unangojea. Mwenye duka alisimama na kiganja juu ya meza, macho yamefumbwa, na likitokea jema kiganja kile kilipiga meza mpaka mizani ikacheza. Binti yake alisikiliza kidogo kisha akatutafsiria sisi wa barazani: wetu wamepata mbio nne, wetu mmoja katoka, vijiti vyake vimeangushwa.

Wetu! Nchi yenyewe alikuwa hajaiona kwa jicho, lakini alisema wetu na machozi yakamlenga. Siku moja nikamwuliza, na yetu sisi iko wapi? Akafikiri, maana hakuwa mtoto wa kejeli, akanijibu kwamba sisi bado hatuna. Bendera iliyokuwa ikipepea bomani wakati ule si yetu, na kwenye timu yoyote iliyotajwa hapakuwa na mtu wa kwetu. Nilijua hanitanii, na ndiyo maana liliniuma. Yeye ana baba, ana redio, na ana watu kumi na moja wa kuwalilia.

Sasa ngoja usikie kilichonimaliza. Bibi naye akaingia. Yeye ambaye hajui gongo wala kijiti, akaanza kusogeza jiko lake karibu na mlango wa duka. Akawa anauliza, nani sasa anapiga? Kulikuwa na mchezaji mmoja ambaye hakuwa na pupa. Wenzake wanatoka mmoja mmoja, yeye yupo tu, anazuia, anazuia, mpaka wapinzani wanachoka. Bibi akampa jina, Bwana Taratibu. Na asubuhi moja nikanyoosha mkono kuchukua kitumbua changu cha kwanza, Bibi akaupangua. Akakitia kwenye kisahani, akamwomba mwenye duka akiweke rafuni kando ya redio. Akasema hicho ni cha Bwana Taratibu, cha kumpa nguvu. Akitoka, mimi nitakila.

Wivu wa mke mwenza nimekuja kuuonja baadaye, ukubwani, na nakuapia haukufika nusu ya ule. Nilimchora mtu yule kichwani: mrefu, mavazi meupe, masharubu yamepakwa mafuta, ameshiba vitumbua vyangu. Nikawa nasikiliza redio kuliko mtu yeyote pale barazani, maana wenzangu walisikiliza kwa mapenzi, mimi nilisikiliza kwa njaa. Kizungu cha mtangazaji sikukielewa, lakini sauti yake niliijua ikipanda na ikishuka. Na nyuma yake kulikuwa na watu, maelfu ya watu, wanavuma bila kukoma, wamechanganyika na mikwaruzo ya redio. Bwana Taratibu akitoka, mvumo ule hukatika ghafla, na mimi nikainuka kwenda kuchukua kisahani changu. Watu wote wameinamisha vichwa, mimi natafuna. Shoga yangu alininunia, nami nilifurahi kununiwa, angalau na yeye alikosa kitu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa siku kadhaa. Sasa siku moja Bwana Taratibu aliingia asubuhi mapema akakataa kutoka. Vitumbua vikauzwa vyote, adhuhuri ikaadhiniwa, yupo. Kitumbua changu kikapoa, kikakakamaa, sisimizi wakakipata. Kabla ya alasiri ikatangazwa kwamba kwao jioni imeingia, mchezo utalala, na kesho ataendelea. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia Bibi kwa sauti ya kulia kwamba yeye anampenda Mhindi asiyemjua kuliko mimi ninayemkunia nazi.

Nilidhani nitapigwa kofi. Bibi aliendelea kukwangua chuma kwa kijiti, kisha akasema taratibu, bila kuniangalia:

"Wee mtoto, mie nnajua nini kuhusu gongo? Huyu akiwapo, watu wa kule wanapiga makelele. Akitoka, wananyamaza. Mie nayataka makelele yale."

Nikamwuliza ya nini.

"Baba yako alikuwa hawezi kuuona mchezo akanyamaza. Hata bao, hata kamari ya watu wengine, lazima apige ukelele. Kama yu hai, yumo mle."

Usiku huo sikulia, wala sikumwonea Bibi huruma. Mtoto hana nafasi ya hayo. Niliwaza jambo moja tu, kwamba nilikuwa namchukia mtu asiye wa kuchukiwa. Walioninyang'anya ni wale wanaovuma nyuma yake. Wale waliokaa naye bega kwa bega, waliokanyagwa na mguu wake mbovu, walioombwa moto wa sigara. Kila mmoja wao alikuwa na haki ya kugeuka akamwona baba yangu, na mimi sikuwa nayo. Niliwaonea wivu maelfu wale wote kwa mpigo, na moyo wa mtoto ukautosha wivu huo.

Asubuhi yake nilikipeleka kisahani mwenyewe. Mwenye duka alinitazama juu ya miwani, akanipisha. Nikakaa chini ya rafu, sikio juu, na kwa mara ya kwanza nikataka Bwana Taratibu asitoke. Asitoke leo, asitoke kesho, azeeke na gongo lake mkononi. Mtangazaji akipandisha sauti, mvumo unapanda, nami nautafuta ukelele mmoja ndani yake, sijui wa namna gani, nikiamini nikiusikia nitaujua. Binti wa mwenye duka akanong'ona kwamba amebakiza kidogo sana kufika mbio mia. Bibi alikuwa ameacha kukaanga. Wateja wamesimama na sahani zao, hakuna anayedai.

Halafu ukaingia ukimya. Mikwaruzo tu.

Kiganja cha mwenye duka kilibaki juu ya meza kama kimesahauliwa. Shoga yangu akafunika macho kwa utepe wake. Baba yake akatoka mpaka barazani, akamwambia Bibi, "Pole, Bi Mkubwa." Bibi akamjibu, "Pole nawe, mwanangu." Walisema kama watu wa msiba mmoja, na labda ulikuwa mmoja. Bibi akaenda rafuni, akachukua kisahani, akanipa kilicho changu. Nilikila. Nisikudanganye kwamba sikukila. Nilikila huku machozi yananichuruzika mpaka kitumbua kikawa cha chumvi, na shoga yangu akaja akakaa karibu nami tukalia pamoja, kila mtu lake.

Tangu hapo nami nikawa nasema wetu, kwa kuazima. Lakini kitu cha kuazima hukikalii kwa raha. Kila nilipolitamka neno lile nilimtazama shoga yangu kuona kama ananikatalia. Hakunikatalia hata siku moja, na hilo nalo lilinikera.

Bibi alikufa kabla bendera haijabadilishwa, na mpaka mwisho aliuliza kama leo wanacheza. Baba hakusikika tena. Miaka kadhaa baada ya uhuru watu wa dukani wakahamia Ulaya, redio ikafungwa kwa mablanketi ikaenda nao. Baraza ilivunjwa barabara ilipopanuliwa, mnazi ukakatwa. Pale lilipokuwa duka sasa wanatengeneza simu, na nikipita nasikia miziki saba inagombana. Kilichobaki ni chuma cha vitumbua, hiki hiki, kimeliwa na moto mpaka kimekuwa chepesi.

Basi juzi nikaketi mbele ya simu ile. Msichana wetu alikuwa anazuia, anazuia, hana haraka. Nikatazama nyuma yake: viti vitupu, safu kwa safu. Mchezo ulikuwa ugenini huko, na hapakuwa na mtu. Palikuwa kimya hata ukasikia gongo linavyogonga mpira, ko, na viatu vikikimbia kwenye majani. Timu yetu tumeipata, na hakuna wa kuipigia makelele.

Mjukuu alikuwa amenyoosha mkono kwenye sahani, maana kitumbua cha kwanza katika nyumba hii ni chake. Nikaupangua mkono wake. Nikakichukua, nikakiweka mbele ya simu.

"Bibi, hicho changu."

"Ngoja atoke."

Akamgeukia yule msichana wa kwenye simu kwa jicho ninalolijua vizuri. Hapo hapo msichana akaupiga mpira ukaenda mpaka kwenye kamba ya ukingo wa kiwanja, mbio nne hizo, na hakuna sauti iliyotoka popote. Nikaweka upawa chini, nikapiga kigelegele kirefu, nikarudia, nikarudia tena, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Mjukuu hakunipokea. Alikuwa anakitazama kitumbua chake kinavyopoa.