Boksi la Futi Sita

Mama Randa alirithi karakana ya marehemu mumewe. Waliouliza mwanamke na misumari wapi na wapi, aliwajibu kwa kazi: milango yake haikukwama, wala vitanda vyake havikulia. Kusoma ndiko kulikompiga chenga. Alikuwa na miaka hamsini na miwili alipojiunga na darasa la watu wazima, na Kiingereza alikijua kwa kudonoadonoa.

Asubuhi moja mwalimu mkuu wa chekechea alimtumia karatasi ya Kiingereza, kama alivyozoea. Mama Randa aliambulia mambo manne tu: boksi, futi sita, mfuniko, haraka. Moyo ukampasuka. Alijua baba mkwe wa mwalimu alikuwa mgonjwa.

"Mzee wa watu!" alisema, akachukua msumeno.

Siku ya tatu alifika chekechea na mkokoteni, kanga kichwani, jeneza limepigwa vanishi likang'aa. Mwalimu mkuu alitoka mbio.

"Fundi, nani amekufa?"

"Si baba mkwe wako?"

Mlango wa ofisi ukafunguka. Mzee mwenyewe alisimama pale, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, baba," Mama Randa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekufa lini? Mbona sijaambiwa?"

Mwalimu alicheka mpaka akajishikiza ukutani. Boksi alilotaka lilikuwa la kuwekea midoli. Mama Randa hakucheka. Machozi ya aibu yalimlengalenga. Mzee akamvutia kiti. Alikuwa mkalimani wa mahakama kabla ya kustaafu, na maneno yalikuwa ugonjwa wake wa pili.

"Usijilaumu. Neno hilo 'box' ni kinyonga. Waingereza huliita jeneza hivyo hivyo, na kupigana ngumi vilevile, ingawa hilo la ngumi hata wasomi hawajakubaliana lilitoka wapi."

"Na la chombo?"

"Hilo lilianza kama jina la mti. Mti mdogo, mbao yake ngumu kama pembe. Wagiriki na Warumi wa kale waliichonga wakapata vikopo vya dawa. Chombo kikachukua jina la mti, na baadaye kila chenye mfuniko kikaitwa hivyo."

Mama Randa alifuta macho. "Kumbe mbao ndiyo ilitangulia?"

"Mbao kwanza. Fundi akafuata."

Alasiri hiyohiyo alilifumua jeneza palepale uani, akanyoosha ubavu, akaliunga upya likawa boksi, akalipaka rangi ya njano. Watoto wakalijaza midoli kabla halijakauka vizuri, wakarudi makwao na viganja vya njano.

Tangu hapo mzee alipita karakanani kila Alhamisi, akaketi juu ya rundo la mbao, wakasoma pamoja. Mwaka haukuisha Mama Randa akapokea oda ya kabati la milango minne, akaisoma peke yake mwanzo hadi mwisho. Vipimo havikulingana. Akalizungushia kosa duara kwa penseli, akairudisha kwa mwenyewe airekebishe.