Kiatu cha Mshonaji

Fundi viatu wa kona yetu hubana misumari midomoni kutwa nzima, ndiyo maana siasa zake hutoka kwa kuguna. Mshonaji wa ng'ambo ya barabara akikisifu chama chake, fundi huguna na kuzidisha nyundo. Miaka ishirini sasa, kila uchaguzi, kura zao hufutana. Safari hii foleni ya pale shuleni ilikuwa fupi. Watu wamechoka kuahidiwa. Fundi aligeuka nyuma mara tatu, asimwone mshonaji. Akaiacha zamu yake, akarudi mtaani. Alimkuta kizingitini, mguu umevimba, kiatu mkononi.

"Hakiingii, kaka. Nenda tu, leo mtatuzidi kwa kura moja."

Fundi alikipokea, akapitisha kidole gumba ndani kama afanyavyo kwa kila kiatu, akatia misumari mdomoni kwa mazoea tu. Kisha akakipasua ubavuni, akashonea kipande cha ngozi laini pale penye uvimbe, akapiga goti.

"Fundi, si unajua nampigia nani?"

Akaitema misumari kiganjani, yote.

"Najua, dada. Inua mguu."