Bomba la Semi Kwenye Gari Dogo

Mwanangu, chini ya boneti ya gari hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Shule niliishia darasa la nne, lakini leta gari lolote hapa Biharamulo, liwashe tu, nitakuambia linaumwa wapi kabla hujashuka. Gereji hii, na nyumba ile ya bati la bluu nyuma yake, nimezijenga kwa masikio yangu. Kwa hiyo uliponiambia kwamba gari lako lenye supachaja unataka kulifunga ekzosi, bomba la moshi, ya inchi nne "ili lipumue," sikushangaa. Nilicheka, maana inchi nne hizo nimezifunga mimi kabla yako.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya kupeleka mahari kwa kina Anastazia, huyu mama yenu anayewaletea chai. Kwao ni Nyakisasa. Mimi nilikuwa kijana wa Rusumo, nabeba abiria wa mpakani, na katika foleni yote ya magari ya abiria ni mimi tu niliyekuwa na gari lenye supachaja. Supachaja ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Inaisukumia injini hewa kwa nguvu. Gari la kawaida linavuta hewa lenyewe, hili linalishwa. Na anayelishwa sana, mwanangu, choo chake lazima kiwe kipana. Ekzosi yangu ilikuwa ya inchi mbili, tena imebonyea kwenye kona. Kila kilima injini inachemka. Nikasema, hili linataka bomba pana zaidi. Hapo nilikuwa sahihi, na sikufundishwa na mtu. Nilichokosa ni kipimo.

Pale Rusumo malori hayaishi, na vyuma chakavu vya malori haviishi. Nikapata bomba la semi, inchi nne, refu, nene kama paja la mtoto. Nikampelekea Sele, fundi wa kuchomelea.

"Bosi, hili ni la semi," akaniambia. "Wewe una kigari."

"Kigari? Gari yangu ina supachaja!"

"Hata panya akivaa kengele ya ng'ombe, paka hamwiti ng'ombe."

Vijana wakacheka. Nikamwambia achomelee, hela ni yangu. Nilitaka wakwe wanisikie ningali kilima cha pili, wajue kwamba anayekuja ni mwanaume. Wazee husema ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, lakini ujana nao una masikio yake.

Siku ilipofika, ndugu zangu walitangulia alfajiri na ng'ombe wanne kwa miguu. Mimi nikafuata na mshenga wangu, mzee Gervas, amekaa mbele na fimbo yake katikati ya magoti. Kwenye tambarare tulikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda, gari likalegea kama mgonjwa. Unajua kwa nini? Moshi wa moto unatakiwa utoke mbio. Ukiutupia kwenye bomba kubwa mno, unatanuka, unapoa, unatoka kwa kujivuta, na injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo inakosa mvuto. Ikabidi niikanyagie mafuta mpaka mwisho. Milima ikaitika.

Mzee Gervas akaniuliza taratibu, "Mwanangu, gari hili linapiga kelele kwa sababu linakwenda, au linapiga kelele ili liende?"

Nikazidi kukanyaga. Nilikuwa nafikiria nitakavyoingia.

Kwa kina Anastazia, baba wa binti huwapitia ng'ombe mmoja mmoja, akimpapasa kila mmoja mgongoni. Akishampapasa, amempokea. Nilipoibuka juu ya kilima alikuwa amempapasa wa kwanza, ananyoosha mkono kwa wa pili. Bomba likapiga kishindo. Ng'ombe watatu waliruka kama wameumwa na nyuki, wakakanyaga maharage ya mama mkwe, wakapita katikati ya migomba, wakateremka bondeni. Nikazima gari.

Nikashuka na suti yangu. "Shikamoo, baba."

Akaitikia marahaba, kisha akamtazama mshenga, siyo mimi. "Nimepokea ng'ombe mmoja. Binti yangu ni wa ng'ombe wanne. Hao waliokimbia siwajui."

Shangazi yake Anastazia akadakia, "Bwana harusi, tulikutegemea wewe, mbona umetuletea lori la mchanga?"

"Shangazi, ni gari dogo."

"Basi linaumwa tumbo!"

Walicheka wote isipokuwa baba mkwe. Nikamtafuta Anastazia kwa macho. Alikuwa mlangoni, kitambaa mdomoni, na hakuwa anacheka. Hapo nikavua koti, nikavua na viatu, nikateremka bondeni mwenyewe. Ndugu zangu walinifuata. Wawili tuliwapata mtoni. Wa mwisho alitutembeza mpaka jua limeinama, na mimi ndiye niliyemshika kamba, mikono hii hii.

Tulipowarudisha, baba mkwe hakuwapapasa. Alisema, "Kaa kwanza unywe." Wakaleta kibuyu cha pombe ya ndizi. Wenzangu walipewa mirija. Mimi nikapewa kipande cha mwanzi mnene kama kifundo cha mkono. Nikakiingiza kwenye pombe, nikavuta. Midomo haikufunga. Navuta, inaingia hewa, pombe imelala palepale. Uwanja mzima unapiga makofi. Shangazi anasema, "Ongeza mafuta!"

Baba mkwe akaniondolea ule mwanzi, akanipa mrija. "Mrija mwembamba sana unachosha mashavu," akasema. "Mnene sana haupandishi kitu. Mwenye akili anatazama kinywa chake, hatazami mrija wa jirani. Na mke ni hivyo hivyo, na nyumba ni hivyo hivyo." Kisha akainuka, akawapapasa wale watatu mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Sasa sikia. Injini yako ni ya lita mbili, ina supachaja. Funga inchi mbili na nusu, ipimwe kwa ndani, maana bomba la maji lenye kuta nene litakudanganya kwa nje. Ingekuwa lita tatu ningekuruhusu inchi tatu. Kwenye kona, fundi alijaze bomba mchanga mkavu, alipashe moto, alikunje polepole. Likikunjamana, upana wote ulioulipia umekufa pale. Sailensa usiitoe. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na gari lenye nguvu halina haja ya kujitangaza, watalijua likiwapita. Ukibisha nenda kwingine, ila utarudi kwangu, wote wanarudi.

Mungu akupe jicho la kupima kabla ya kukata, akupe wakwe wenye kusamehe, na kila kilima ukipande bila kuchemsha. Mimi, kununua lile bomba, kulifunga na kulitoa, kufunga la saizi yake, maharage ya mama mkwe na faini waliyonitoza wazee kwa kutimua ng'ombe, somo hilo lilinigharimu shilingi laki tano, themanini na tatu elfu na mia tano.